Kuzoea Si Ushahidi

Kijana wa jirani yangu alifukuzwa kazi mwezi uliopita katika mgahawa mmoja hapa Dar es Salaam. Kosa lake: kukalia kreti ya soda. Alisimama mbele ya karai la kukaangia tangu saa mbili asubuhi, na ilipofika saa tisa alasiri miguu ikagoma. Meneja hakumtuhumu wizi wala utoro. Alisema tu kwamba kijana "hajazoea kazi". Baba yake alipotusimulia barazani nilitarajia watu wakasirike. Wazee wakaafiki.

Kuzoea ni kurudia jambo mpaka lisikusumbue tena. Aristotle alishasema kwamba hata tabia njema hujengwa kwa njia hiyo, nami sina ugomvi naye. Ninachouliza ni hiki: je, kuzoea kunathibitisha lolote kuhusu jambo lililozoewa?

Najua moto wa jikoni hauna ubaridi, na wapo wanaoipenda kazi hii kwa moyo wote. Nayakubali.

Kinachonichoma ni hoja ya mmoja wa wazee hao, mpishi mstaafu: "Mbona sisi tulizoea?" Tuanze na anayeisema. Walioshindwa hawapo barazani. Walirudi kwao au wanaendesha bodaboda. Tunamuuliza aliyebaki, kisha jibu lake tunalifanya la wote.

Halafu kuna mwili. Joto kweli huzoeleka: ndani ya wiki moja hadi mbili jasho hutoka mapema zaidi, hupungua chumvi, na moyo hupunguza mbio. Goti halina hisani hiyo. Kusimama kutwa, miaka nenda rudi, huumiza mgongo na kuvimbisha mishipa ya miguu. Mzee wetu mwenyewe akitaka kuinuka mkekani hushika ukuta. Basi kilichozoea ni nini, kama si ulimi wake?

Na kuna roho. Jon Elster aliandika kitabu mwaka 1983 kuhusu watu wanaopunguza matakwa yao yalingane na wanachoweza kukifikia; ndiye sungura wetu wa "sizitaki mbichi hizi". Aliyekosa kiti miaka mingi huishia kuamini kwamba kiti ni cha wavivu. Sungura angeishia hapo. Mzee anaendelea: anataka na kijana akikose. Anaongeza na methali, ukitaka cha mvunguni sharti uiname, kana kwamba aliyeliweka jambo mvunguni hana jina.

Hapo huwa nakumbuka suala la heshima, ambalo hunishughulisha kuliko hata joto. Mtaani kijana humwamkia mzee shikamoo. Akivaa koti jeupe la mpishi, humfokea mwosha vyombo mwenye umri wa baba yake, na mzee hujibu, "Ndiyo, shefu." Mpangilio huo wa vyeo vya jikoni unahusishwa na Auguste Escoffier, Mfaransa aliyelipikia jeshi katika vita vya 1870, kisha akaongoza jiko la hoteli ya Savoy, London. Lakini husimuliwa kwamba Escoffier huyo huyo hakupenda kelele jikoni, na aliwapa wapishi wake kinywaji cha shayiri kwa ajili ya joto. Sisi tumerithi vyeo, shayiri tukaiacha. Nani amepungukiwa zaidi, mzee aliyezoea kufokewa au kijana aliyezoea kufoka? Nashuku ni wa pili, kwa kuwa kufoka hakumuumi anayefoka, hivyo hana kinachomwambia aache.

Labda kuna kuzoea kunakomkuza mtu na kuna kunakompunguza. Kipimo cha kuvitenganisha sijakipata. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikukisubiri: anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Wenye migahawa waitimize hiyo kwanza. Habari za nani kazoea na nani hajazoea tutabishana baadaye, sote tukiwa tumeketi.