Haki ya Kiumbe Asiye na Uso

Katika darsa yetu liliulizwa swali: kiumbe asiyetufaa kwa lolote, wala asiyeujua uchungu kama tuujuavyo sisi, je, ana haki juu yetu? Tumeona bora kulijibu kwa mfano mdogo, kwani mifano mikubwa huificha shida yenyewe.

Katika mabwawa ya maji ya chumvi yaliyo kandokando ya pwani za Uingereza na za mashariki ya Marekani, yumo mnyama aitwaye Nematostella. Ni katika jamii ya anemoni, wenye ujamaa na yavuyavu. Wengi wa jamii hiyo hushika jiwe. Huyu hujifukia topeni, akaacha nje mdomo na vikono vyembamba, kama 16 hivi, vya kukamatia vijidudu. Kwa kawaida hafiki sentimita 2. Akiguswa hujivuta ndani, na apitaye haoni ila tope. Hana macho wala ubongo. Ana wavu tu wa mishipa ya hisia. Akikatwa vipande viwili, kila kipande hukua kikawa mnyama kamili. Subhana Llah!

Mtaalamu Stephenson alimweleza vitabuni mwaka 1935, kutokana na wale wa kisiwa cha Wight. Haliwi wala hauzwi sokoni. Hata hivyo Waingereza wamemweka chini ya ulinzi wa sheria yao ya wanyama ya 1981, kwani mabwawa yake yalikuwa yakifukiwa na kuchafuliwa. Kisha, mwaka 2007, wataalamu walitangaza mpango mzima wa jeni zake, wakaona kuwa kwa mambo mengi wafanana na wetu kuliko ule wa inzi.

Basi wako wasemao: kumbe ana faida! Hoja hii haituridhishi. Ikiwa haki yake imeletwa na faida iliyojulikana 2007, basi aliyefukia bwawa 2006 hakukosa kitu.

Wengine watasema ni huruma. Twamhurumia paka kwa kuwa atutazama; na habari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kila mtoto wa chuoni aijua. Lakini huruma yetu, tukisema kweli, hufuata uso. Huyu hana uso wala sauti.

Twaona jambo hili ni la amana, si la huruma. Mali ya yatima mchanga ni haramu kuliwa, ingawa mwenyewe hajui kuhesabu wala hatalia ikipotea. Wajibu umo shingoni mwa aliyeshika. Na asemaye kuwa vyote vimeumbwa kwa ajili ya mwanadamu amesema kweli, ila aliyepewa nyumba akae hakupewa idhini ya kuibomoa.

Tena uchunguzi wa jeni waonyesha kuwa hao wa Uingereza asili yao ni Marekani, wameletwa. Ajabu ya sheria kumlinda mgeni ikidhani ni mwenyeji! Hilo laweza kuidhoofisha sababu ya sheria. Amana haiulizi kabila.

Dharura ina hukumu yake: watu wakikosa pa kulima wakala, hatuwezi kuwaambia wafe kwa ajili ya bwawa. Na amkanyagaye bila kujua hana dhambi. Lakini amfukiaye huku ajua, ili apate pa kuegesha mashua ya starehe, na mahali pengine papo, huyo twamwona ana la kujibu.