Deni la Daftari: Juu ya Kusahihisha Kumbukumbu za Utumishi wa Askari

Mtu aliyeitumikia jamii yake hutarajia mambo mawili. La kwanza ni malipo ya jasho lake. La pili ni kukiriwa kwamba jasho hilo lilimtoka. Malipo huliwa yakaisha. Ukiri hauliwi. Huandikwa katika jalada la mtumishi, na kwa askari alama yake ya nje ni nishani anayoivaa kifuani. Insha hii inahusu jambo hilo la pili, na hasa swali moja: iwapo daftari la dola limemwacha nje mtu aliyetumika kweli, ni nani mwenye wajibu wa kulisahihisha, na kwa ushahidi gani?

Ili swali lisibaki hewani, tuchukue mfano. Katika kata ya Litapunga, wilayani Mpanda, tumfikirie mkulima aliyezaliwa mwaka 1955. Mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia ardhi yetu ya Kagera, mkulima huyu akiwa mwanamgambo aliitwa vitani pamoja na wenzake. Katika miezi michache jeshi letu, lililokuwa na watu wasiofika 40,000, lilikua hadi kupita 100,000, kwa kuwaingiza wanamgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mkulima wetu akarudi kijijini, akashika jembe lake. Leo ni mzee. Jalada lake linaonyesha kwamba aliandikishwa, lakini haliandiki kwamba alivuka mpaka, wala halitaji nishani waliyopewa wenzake aliopigana nao bega kwa bega.

Pengo la namna hii halihitaji mtu mwovu ili litokee. Watu walikusanywa kwa haraka, na katika haraka hiyo makarani waliandika majina kama walivyoyasikia. Mtu aliyeitwa kwa jina la babu yake nyumbani, kwa jina la ubatizo shuleni, na kwa jina la utani kambini, anaweza kuwa watu watatu katika masijala. Hata mahali alipotoka hapatulii. Mzee wetu hajahama Mpanda hata mara moja, lakini Mpanda yenyewe imehamahama katika makaratasi: alipozaliwa ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, baada ya uhuru ikawa katika Mkoa wa Tabora, mwaka 1974 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa, na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Karani anayetafuta askari wa Katavi wa mwaka 1978 hatampata hata mmoja, kwa kuwa mkoa huo haukuwapo. Je, tuseme kwa sababu hiyo kwamba askari hawakuwapo?

Wapo watakaotujibu kwamba mzalendo wa kweli hadai nishani. Alikwenda vitani kuilinda nchi, hakwenda kutafuta kipande cha madini na utepe. Hoja hii ina heshima yake, na twajua kwamba wengi wa wazee hao wamekaa kimya kwa sababu hiyo hasa. Hata hivyo inachanganya mambo mawili yaliyo mbali: kudai sifa na kudai ukweli. Nishani ya ushujaa wa pekee ni hiari ya mwenye kutunuku. Hakuna awezaye kuidai kama deni. Lakini nishani ya utumishi ni kitu kingine. Dola ikishatamka kwamba kila aliyetumika mahali fulani katika vita fulani atapewa nishani fulani, basi nishani hiyo imekwisha kuwa ushahidi. Asiyekuwa nayo husomeka kuwa hakuwapo. Daftari lililomwacha mtu huyo halijanyamaza tu. Linasema neno, na neno lenyewe si la kweli.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Tunaposikia methali hii huifikiria zawadi, lakini tuutazame pia upande wake wa pili. Mchezaji hutunzwa hadharani, mbele ya watu wa kwao, ili watu wote wajue nani alicheza. Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa, na mkuki na ngao na mashada ya maua huwekwa penye mnara. Siku hiyo mpiganaji wa zamani aliyeandikwa hujua mahali pake pa kusimama. Asiyeandikwa husimama pamoja na watazamaji, akitazama sherehe iliyo yake. Wajukuu wake wakimwuliza kwa nini hana alama kifuani, hana jibu ila maneno matupu, na maneno ya mzee bila ushahidi hugeuka hadithi za jioni.

Nchi yetu inaujua uchungu huu tangu zamani. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika ardhi hii, Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja kubeba vyakula, risasi na majeruhi. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika kinywa cha kila mkazi wa Dar es Salaam, kwa kuwa Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya Askari katikati ya mji huo kuwakumbuka Waafrika waliotumika vitani. Sanamu ni nzuri, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Wakati huohuo askari wa Kizungu waliokufa katika vita hivyo walipewa kila mmoja kaburi lenye jina lake, au jina lake likachongwa ukutani.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, ilitangaza kwamba wafu wote watatendewa sawa bila kujali cheo wala asili yao. Mnamo Aprili 2021 tume hiyo ilichapisha ripoti ya uchunguzi iliyokiri kwamba haikuitimiza ahadi yake. Watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo, na kazi ya kuyatafuta majina ikaanzishwa.

Mtu aweza kuuliza: yatuhusu nini sisi, watu huru, kuandikwa katika daftari la mtawala aliyetutumia kwa nguvu? Kwa maoni yetu yatuhusu sana. Hatulitaki jina la mpagazi liandikwe ili kuisifu dola iliyomtuma. Twalitaka kwa sababu miguu ilikuwa ni yake, mzigo aliubeba yeye, na mauti yalimkuta yeye. Utumishi unaweza kulazimishwa, lakini ukweli wa utumishi ni mali ya aliyeutenda. Na iwapo twamdai mgeni ayasahihishe madaftari yake baada ya miaka mia moja, hatuna budi kuyatazama na ya kwetu kabla miaka mia haijapita.

Tunafika sasa kwenye kiini cha ugumu, yaani ushahidi. Husimuliwa sana kwamba mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari Waafrika waliotumika chini ya jemadari von Lettow-Vorbeck, wazee walijitokeza huko Mwanza, na wachache tu walikuwa na hati zao. Ofisa aliyeleta fedha, husema masimulizi, alimpa kila mzee ufagio mkononi badala ya bunduki na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye kwata. Wazee wote wakafanya bila kukosea. Watu huipenda hadithi hii, na wana sababu: yatuonyesha kwamba mwili huhifadhi kile ambacho karatasi imekipoteza.

Lakini tuifikirie zaidi. Mtihani wa ufagio ungeweza kumtambua askari kwa sababu askari alifundishwa kwata. Mpagazi je? Yeye hakufundishwa amri yoyote. Alitwishwa mzigo kichwani akaambiwa atembee. Na mwanamke aliyefuatana na kikosi, akapika na kuteka maji, angeamrishwa nini ili athibitishe kwamba alikuwapo? Kila mtihani humtambua yule aliyefikiriwa na mtunga mtihani. Ndiyo sababu haifai kuwa na njia moja tu ya ushahidi, iwe ni hati, iwe ni kwata.

Tena tuulize ni nani anayepaswa kuubeba mzigo wa kutafuta. Desturi ya ofisi nyingi ulimwenguni ni kumwambia mdai alete uthibitisho. Katika madai ya kawaida hilo ni sawa. Lakini kalamu haikuwa mkononi mwa mwanamgambo. Aliyeandika ni dola, na aliyehifadhi ni dola. Kumwambia mzee wa Litapunga alete karatasi ambayo hakuwa na uwezo wa kuiandika wala kuihifadhi ni kumwadhibu kwa kosa la masijala. Nchini Marekani, tarehe 12 Julai 1973, moto uliteketeza majalada ya askari yapatayo milioni 16 hadi 18 katika ghala la kumbukumbu mjini St. Louis. Nchi hiyo haikusema kwamba mamilioni hayo ya watu hawakutumika. Maofisa walianza kuijenga upya habari ya kila mdai kutokana na karatasi za mishahara, orodha za hospitali na maandishi mengine yaliyosalimika. Tangu mwaka 1946 nchi hiyo ina pia mabaraza ya raia yenye mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, na hati ya kumaliza utumishi ikikosewa, hutolewa hati nyingine ya kuisahihisha badala ya kuifuta ya kwanza. Hili la mwisho ni la hekima. Kufuta ni kuficha. Kuongeza, pamoja na tarehe ya kuongeza, ni kukiri.

Hapana shaka pana hatari upande wa pili. Mlango ukifunguliwa wazi, wataingia pia wasiostahili, na nishani ya uongo humwibia mwenye nishani ya kweli. Kati ya makosa mawili, kumpa asiyestahili na kumnyima anayestahili, lipi baya zaidi? Twaona kwamba la kwanza lina dawa, kwani nishani yaweza kuvuliwa. La pili halina dawa ikiwa mwenyewe ameshafariki. Hata hivyo hatushauri ulegevu. Twashauri uchunguzi ulio wazi, unaosimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni maandishi ya aina zote, si jalada peke yake. La pili ni wenzake wa kikosi, wanaojua mto upi ulivukwa na nani alikufa upande upi. La tatu ni kijiji chenyewe. Ni vigumu kusema uongo mbele ya watu walioshuhudia siku uliyoondoka na siku uliyorudi. Wazee wetu wamekata mashauri ya mipaka ya mashamba na urithi kwa mashahidi wa namna hii tangu kabla ya kuja kwa karatasi, na hukumu zao zimedumu. Kwa nini neno la kijiji lifae kuthibitisha shamba, lisifae kuthibitisha vita?

Na uchunguzi usimamie hapo mzee alipo. Haifai mtu aliyekwenda Uganda kwa ajili yetu, mwingi wa safari ile akiutembea kwa miguu, atakiwe sasa kuuza gunia la mahindi ili apate nauli ya kwenda kuthibitisha kwamba alitembea.

Litabaki fungu la watu ambao mafiga yote matatu yamewakosa: wenzao wamekufa, karatasi zimeliwa na mchwa, na kijiji kimehamwa. Hapo ndipo daftari la taifa linapopimwa uaminifu wake. Kuna tofauti kubwa kati ya kuandika kwamba mtu hakutumika na kuandika kwamba utumishi wake haukuweza kuthibitishwa. Neno la kwanza ni hukumu juu yake. La pili ni ukiri juu yetu. Masijala inayojua tofauti hiyo haitampa kila mdai nishani, lakini haitamwita mtu yeyote mwongo kwa sababu ya upungufu wake yenyewe. Huo ndio uchache wa deni ambao dola yaweza kumlipa mtu iliyemwita kwa jina siku ya hatari, kisha ikalisahau jina hilo siku ya amani.