Deni la Chura

Mama alikuwa na daftari la madeni. Daftari la kawaida la shule, jalada limechanika, limejaa majina ya watu wa mtaani kwetu Morogoro: upande mmoja wanaodaiwa na yeye, upande wa pili wanaomdai. Alikuwa anauza barafu za ubuyu na ukwaju, zile za kwenye vimfuko vya nailoni, na ada zetu za shule zilitoka kwenye friji hiyo moja. Kwa hiyo mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa na mgao wa umeme ukaingia, kwetu giza halikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa friji. Asubuhi moja mama alimwaga ndoo nzima ya maji mekundu mtaroni, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kukopa unga kwa jirani.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu ya chura.

Miaka michache iliyopita nilipeleka kwa mhariri wangu wazo la makala kuhusu chura wa Kihansi. Akacheka. "Kaka, watu wanataka umeme, wewe unawaletea chura? Ana faida gani huyo?" Nilijiumauma pale, nikasema mambo ya ikolojia na dawa za kesho, na makala ikafa palepale. Lakini swali lake halikufa. Nimekaa nalo mpaka leo.

Habari yenyewe ni hii. Kwenye milima ya Udzungwa kuna korongo ambamo mto Kihansi unaporomoka. Maji yakigonga miamba yanatoa mvuke na manyunyu, na pembeni yake kuna majani na kuvumwani zinazolowa mchana na usiku. Mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ukiendelea, watafiti walimkuta pale chura wa rangi ya njano, mdogo kiasi cha kukaa juu ya sarafu. Hatagi mayai majini wala hapitii hatua ya kiluwiluwi nje ya mama yake. Anazaa watoto waliokamilika. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu za manyunyu, eneo linaloweza kuingia ndani ya shamba la mtu mmoja.

Mwaka 2000 mtambo ulikuwa unafanya kazi. Megawati 180 kwenye gridi ya taifa, si kitu kidogo. Maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, maporomoko yakanywea, manyunyu yakapotea. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, kama akiba. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga yale manyunyu ya asili. Ilionekana kusaidia, kisha mwaka 2003 idadi ikaanguka ghafla. Wanasayansi wamebishana kuhusu sababu. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ulikutwa pale. Mwaka 2009, IUCN ilitangaza kwamba chura huyu ametoweka porini. Waliobaki duniani walikuwa wanaishi ndani ya vioo, Marekani.

Sasa turudi kwa mhariri. Ana faida gani?

Majibu tuliyozoea nayajua, nimeyaandika mara nyingi. Wanyama wa milimani wanaleta watalii. Misitu yao inatunza vyanzo vya maji. Labda ngozi ya chura ina dawa. Yote yanaweza kuwa kweli kwa wanyama wengine, lakini ona kinachotokea: tunamgeuza mnyama kuwa mwombaji wa kazi. Akileta cheti, anaishi. Akikosa, tumeshamaliza naye. Kwenye usaili huo kipunji angepita kirahisi, yule tumbili wa Rungwe na Udzungwa aliyetangazwa kwa dunia ya sayansi mwaka 2005, maana ana manyoya na uso unaotutazama. Chura wa sentimita mbili hana hata hilo. Kama haki yake ya kuwepo inategemea tutakachomkuta nacho mfukoni, basi hakuwahi kuwa na haki.

Lakini pia siwezi kusimama upande wa pili na kusema bwawa lisingejengwa. Nani angemwambia mama? Mtu mwenye jenereta nyumbani anaweza kuandika kwamba uhai wa chura hauna bei. Mimi nimeiona ndoo ikimwagwa. Ningeulizwa mwaka ule, ningechagua friji, na nisingelala nikiwaza chura.

Basi ndiyo imeisha? Tulihitaji, tukachukua, tuendelee na maisha?

Hapa ndipo daftari linaponirudia. Mama alipokopa ule unga alikuwa na haki zote za kukopa. Watoto hawakuwa na cha kula. Hakuna mtu mtaani ambaye angemlaumu. Lakini akirudi nyumbani alichukua kalamu akaandika jina na kiasi. Shida ilimpa sababu ya kukopa, haikumfutia deni. Nadhani ndipo tunapokosea tunapobishana kuhusu maendeleo na wanyama. Tukishathibitisha kwamba tulikuwa na sababu, tunadhani hatudaiwi.

Utaniambia chura hawezi kudai. Hana mdomo wala mtoto wa kumtuma aje kugonga mlango. Sawa. Lakini yule jirani wa unga alifariki kabla ya kulipwa, na watoto wake hawakuwa wanajua lolote. Mama alisubiri matanga yaishe, akawapelekea hela. Kaka yangu alimwambia, "Mama, si ungeacha tu, nani anajua?" Akajibu, "Mimi najua." Hakufafanua zaidi, akaendelea kufunga barafu.

Ukisoma habari ya Kihansi kwa jicho hilo, mambo yaliyofuata hayachekeshi tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakawekwa kwenye maabara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, chini ya manyunyu ya mabomba. Mtambo haukuzimwa. Watu wakapata umeme, na sehemu ya maji ikaendelea kuachiwa mto. Kazi hiyo ni ya gharama, inachosha, na pengine haitakuwa na siku ya kukamilika, kwa sababu manyunyu tuliyoyachukua hayarudi yenyewe. Lazima mtu aangalie bomba kesho, na kesho kutwa. Kwa mhariri wangu hayo ni matumizi mabaya ya fedha kwa ajili ya chura. Kwangu ni malipo ya awamu.

Mama bado anauza barafu. Safari iliyopita nilimsimulia habari hii yote, yeye akiwa anakoroga ubuyu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Na sasa hivi, hayo mabomba yanatoa maji?"

Nikamwambia nitafuatilia. Nimeliandika kwenye daftari langu.