Breki Haitiwi Mafuta

Wiki hii mnivumilie, maana tafakari yangu inaanzia kwa fundi baiskeli.

Baiskeli ya watu wawili, ile inayoitwa tandemu, ina kiti cha mbele na cha nyuma. Kwa kawaida aliye mbele ndiye mwenye usukani, gia na breki. Wa nyuma anakanyaga pedali na kumwamini mwenzake. Wasioona hushindana kwa baiskeli hii katika Paralimpiki. Ndiyo aliyoipanda Mkenya Douglas Sidialo, aliyepofuka katika mlipuko wa bomu wa Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, akatoka Cairo hadi Cape Town. Safari yote hiyo nyuma ya mgongo wa mtu! Mimi sina imani ya namna hiyo.

Sasa, baiskeli hii hubeba watu wawili kwa magurudumu mawili yale yale. Mteremkoni breki zake za diski hupata moto sana, ndiyo maana nyingi hufungwa diski kubwa, za milimita 203. Zikianza kulia, mtaa mzima husikia, na mtu hukimbilia chupa ya mafuta. Si mnyororo ukilia tunautia mafuta?

Hapo ndipo tunapoharibu. Breki hushika kwa msuguano wa pedi zinazoibana diski. Mafuta yakiigusa diski, pedi huyanyonya. Kelele huzidi na breki huacha kushika. Mara nyingi hata hizo kelele za kwanza zililetwa na mafuta: yaliruka kutoka kwenye mnyororo, au mtu aliishika diski kwa vidole vichafu. Fundi anayejua kazi huifuta diski kwa spiriti na kitambaa safi, akatoa pedi na kuzikwangua kidogo kwa msasa hadi mng'ao wa juu yake uondoke. Zilizolowa mafuta hazibembelezi, anazitupa. Kisha analegeza bolti mbili za kishikio cha breki, anabana breki, na kuzikaza akiwa bado amebana, ili kishikio kikae sawa na diski. Mwisho wenye baiskeli wanaendesha mahali tambarare, wanakimbia na kupunguza mwendo, mara 20 hivi, hadi pedi na diski zizoeane. Wengi huiruka hatua hii, na kesho yake kelele zimerudi.

Nimeona ndoa na kamati za kanisa zikitiwa mafuta. Mtu analalamika, tunampoza: "Yaishe, mama. Tuombe tu." Hatujauliza hata uchafu umeingilia wapi. Katika Mathayo 18:15 Yesu aliagiza vingine: aliyekosewa amwendee aliyemkosea, wakiwa wawili peke yao, na kosa litajwe. Wawili, si kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Msasa huo unauma.

Nasi tulioshika usukani, waume, wazee wa kanisa, wachungaji, tukumbuke kwamba aliyeketi nyuma hana breki mkononi. Alichonacho ni sauti tu. Akiipaza mteremkoni, tusimwite mkorofi.

Kama kuna mtu uliyepatana naye juu juu tu, mtafute kabla ya Jumapili. Kaeni wawili, mlitaje jambo lenyewe. Na mkishapatana, msitwishane mambo makubwa siku hiyo hiyo. Anzeni na madogo, kama pedi na diski zinavyozoeana.