Jibu Lako ni Amana

Wasichana wangu wa darsa hapa Kibokoni, Mombasa, huniuliza kama pesa za madodoso ya mtandaoni ni halali. Asili yake ni ujira kama ujira mwingine: kampuni inataka kujua watu wanafulia sabuni gani, wewe unatoa muda wako na maoni yako, nayo inakulipa kredi au shilingi kidogo za M-Pesa. Hapo hamna riba wala kamari. Shaka inaanzia kwenye jibu lenyewe.

Dodoso huanza kwa kuchuja. Una miaka mingapi? Una gari? Una mtoto mchanga? Asiyetakikana hutolewa bila malipo, na waliozoea wamejifunza kujibu ndiyo kila mahali ili wapite. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwauliza watu waliojiunga wenyewe na madodoso ya mtandaoni kama wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Miongoni mwa waliosema wana umri chini ya miaka 30, asilimia 12 walidai wanayo.

Wapo wanaosema kampuni ni tajiri, haidhuriki. Sikubali. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na majimaji, mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua, naye akamlaumu kwa kutoiweka juu ile iliyoloa, watu waione. Jibu la uongo ni nafaka hiyo. Na madodoso haya hayaulizi sabuni tu, huuliza pia kuhusu chanjo, chakula na maji. Atakayepangiwa huduma kwa hesabu mbovu ni mama ambaye hata hakuulizwa kitu.

Kuna jibu ambalo wengi hulikwepa: "Sijui." Imamu Malik wa Madina alikuwa akifuatwa na watu waliosafiri kutoka mbali, na maswali yao mengi aliyajibu kwamba hajui, bila kuona haya. Basi sisi tutaona aibu gani kusema hatuijui benki tusiyoitumia?

Wajibu wa kutenda haki, hata hivyo, uko kwa kampuni pia. Kumhoji mtu dakika ishirini kisha kumwambia hafai, huku majibu yake yamebaki kwao, ni dhulma. Aliyedhulumiwa hapati ruhusa ya kudanganya. Anayo ruhusa ya kuondoka.

Kujilinda nako ni ibada. Anayetaka ada ya kujiunga si mtafiti. Anayetaka namba ya siri ya M-Pesa, au tarakimu ulizotumiwa kwa ujumbe, ni mwizi. Picha ya kitambulisho usiitoe ovyo. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, nayo inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwa vipi. Na ukiulizwa maradhi ya mumeo, siri hiyo si yako kuiuza, hata kwa shilingi elfu.

Kwa aliyekwisha kula pesa za majibu ya uongo, aanze kwa toba, kisha aiandikie kampuni. Akishindwa kumpata mwenye mali, afanye kama walivyoelekeza wanazuoni wengi kuhusu mali isiyoweza kurudishwa: ampe maskini kiasi hicho bila kutarajia thawabu ya sadaka. Halafu arekebishe umri na kazi kwenye akaunti yake, hata kama madodoso yatakayomfikia yatapungua.