Kamba Ina Ncha Mbili

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili anapovishwa ukanda wa shingoni kwa mara ya kwanza, hujikuna. Huzunguka akilitafuta lililomshika, hujibwaga chini, huinuka, hujikuna tena. Ukanda huo ukifungwa kamba, na kamba ikashikwa na mtu, hukaa kitako na kukataa kwenda. Aliyeishika kamba ana njia mbili: kuvuta au kungoja. Kuvuta ni kazi ya nukta chache, na hapana shaka atashinda. Kungoja kwaweza kumaliza asubuhi nzima. Katika uchaguzi huo mdogo limo suala kubwa la maadili: mwenye nguvu ana haki gani juu ya shingo ya asiye na nguvu, na utii huwa wema lini, na lini huwa ni kushindwa tu?

Msomaji wa pwani huenda akauona mfano huu umetoka mbali. Wahenga wamekwisha kuonya kwamba mcheza na mbwa huingia naye msikitini, na katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo haikumfukuza mbwa duniani. Imemruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Na katika Sura ya Al-Maida wametajwa wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na walichokinasa kikahalalishwa. La kuzingatia ni kwamba ruhusa hiyo haikumhusu mnyama yeyote, ila yule aliyefunzwa. Mafunzo basi si anasa ya wenye nafasi. Yana uzito wa kutenga halali na haramu, na namna ya kufunza nayo haiwezi kuwa jambo jepesi.

Wajuzi wa kazi hii huianza mapema, kwa kuwa tangu wiki ya 3 hadi karibu ya 12 mtoto wa mbwa huuzoea ulimwengu kwa wepesi asioupata tena. Humvika ukanda mwepesi, wenye nafasi ya kupenya vidole viwili, wakati wa kula au kucheza, kwa dakika chache tu, kisha humvua. Siku nyingine humfunga kijikamba chepesi akakiburura mwenyewe ndani ya nyumba, huku akiangaliwa kisije kikanasa mahali. Hata kamba inaposhikwa, anayeanza kufuata ni mtu: mtoto wa mbwa huenda atakako, na mtu nyuma yake. Ndipo huitwa kwa sauti ya upole, na kila hatua anayoipiga kuelekea kwa mwitaji hulipwa kipande cha chakula. Akikaa chini, havutwi. Mtu huchutama, hungoja, huita.

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu, na aghalabu methali hii hutumiwa kuhalalisha fimbo. Wengi hulisikia neno kukunja, wakalisahau neno mbichi. Mbichi hukunjika bila ya kuvunjika. Ndiyo maana mkono unaomkunja hauhitaji nguvu.

Yupo atakayesema kwamba kamba ni kamba, hata ikivikwa kwa upole. Katika ngano mashuhuri ya Aesop, mbwa mwitu mwenye njaa alivutiwa na unono wa mbwa wa mjini, akakubali kumfuata nyumbani kwa bwana wake. Njiani aliona manyoya yamechakaa shingoni mwa mwenziwe. Alipoambiwa kuwa hapo ndipo pakaapo ukanda, aligeuka akarudi porini na njaa yake. Ngano hii imewapendeza wapenda uhuru kwa karne nyingi, na wana haki. Hata hivyo mtoto wa mbwa aliyezaliwa uani hana pori la kurudia. Mbele ya mlango wake kuna barabara, na barabarani kuna magari. Kwake yeye kukosa kamba hakumfanyi kuwa huru; kunamfanya awe mawindo ya gurudumu. Swali basi haliwi tena kama pawe na kamba au pasiwe nayo. Linakuwa: kamba ya namna gani?

Wanafalsafa wa Stoa wa Ugiriki ya kale, Zeno na Chrysippus, wanasimuliwa kuwa walimfananisha mwanadamu na mbwa aliyefungwa nyuma ya gari la kukokotwa. Mbwa akitaka kufuata, huvutwa na hufuata; asipotaka, huburutwa, na safari ni ileile. Kwa majaaliwa ya ulimwengu mfano huo una hekima. Unapohamishiwa kwenye mkono wa mtu unaharibika, kwa sababu gari la Wastoa lilikuwa ni utaratibu wa ulimwengu, ambao kwao haukosei. Mtu hukosea. Huchoka, huona haraka, huona aibu mbele ya majirani, na mara nyingi huvuta kwa sababu ya mambo hayo, wala si kwa sababu ya mbwa.

Tena kimya cha anayevutwa si ushahidi wa ridhaa. Mwaka 1967, huko Marekani, Martin Seligman na Steven Maier walichapisha matokeo ya jaribio la kuhuzunisha: mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuuzuia kwa tendo lolote, walipowekwa baadaye mahali ambapo ingetosha kuruka kizuizi kifupi ili waokoke, wengi wao hawakujaribu. Mwaka 2016 wataalamu haohao waliirekebisha tafsiri yao. Kulegea mbele ya mateso marefu, walisema, hakufunzwi, huja kwenyewe. Kinachofunzwa ni kutambua kwamba tendo la kiumbe laweza kubadili hali yake. Hapo ndipo mtu anayengoja anapotengana na mtu anayevuta. Mbwa wote wawili mwishowe watatembea, lakini mmoja amejifunza kwamba hatua yake ina jibu, na mwingine kwamba hana la kufanya.

Na kile kipande cha chakula, si rushwa? Mkono mtupu haulambwi. Huenda basi mbwa ameupenda mkate, hakumpenda mtu. Lakini hata mtoto wa mwanadamu huanza na titi kabla hajaujua uso wa mamaye, na hakuna aliyeliita ziwa hilo rushwa. Rushwa hununua tendo ovu kwa siri. Chakula hiki hufanya kazi ya lugha baina ya wawili wasio na lugha moja.

Katika kisiwa cha Unguja, hata hivyo, kamba ya shingoni haiwezi kutajwa kwa wepesi. Huko Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, zimesimama ndani ya shimo sanamu za watu wenye mnyororo shingoni. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa amri mpaka mwaka 1897. Mnyororo ule hata ungekuwa wa hariri ungebaki kuwa dhulma, kwa kuwa walifungwa watu wenye akili, lugha, wazazi na majina. Na wako mabwana waliodai kwamba walikuwa wakiwalea watumwa wao, kwa faida yao. Dai hilo ndilo linalomlazimu kila mshika kamba, awe mzazi, mwalimu au mtawala, atoe ushahidi. Je, kamba yake hulegea kadiri siku zinavyokwenda? Je, yu tayari kusimama anaposimamishwa? Safari ni kwa faida ya nani?

Kamba ina ncha mbili, na ya pili imefungwa mkononi mwa mtu. Anayekubali kuwa naye amefungwa hutembea kwa mwendo wa miguu mifupi, huangalia jua la mchana lisiunguze nyayo ndogo, hurudi nyumbani kabla hajataka. Asiyekubali ana mnyororo mkononi, hata akiununua kwa fedha nyingi. Tena kamba hukatikia pabovu, na palipo pabovu si penye uzi mwembamba, ni penye mkono uliozoea kuvuta.

Mtoto wa mbwa amekaa tena katikati ya njia. Mtu amechutama, na kamba imelala mchangani baina yao.