Kabla ya Kuchagua Chuo Kikuu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakiisha kutangazwa, nyumba nyingi za Tanzania huingiwa na swali moja: kijana ataenda chuo kikuu gani? Swali hilo ni jema, lakini twaona kwamba huulizwa kabla ya lile lililo mama yake: kijana huyu ataka kuwatumikia watu kwa kazi gani?

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi kisha akashindwa kumaliza. Basi, haifai kuchagua chuo kwa kuwa jina lake lavuma, au kwa kuwa rafiki wamekwenda huko.

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilifundisha sheria tu. Aliyetaka digrii ya udaktari alivuka mpaka kwenda Makerere, Uganda. Leo mwenye wito wa kutibu wagonjwa aweza kuomba Muhimbili. Apendaye kilimo na mifugo, Sokoine kule Morogoro. Atakaye uandishi wa habari, Mtakatifu Augustino, Mwanza. Milango imekuwa mingi. Kwa hiyo wajibu wa kuchagua vema nao umeongezeka.

Enyi wazazi, wengine wenu mmeuza ng'ombe, wengine shamba. Haki yenu ya kushauri ni kubwa. Lakini ng'ombe aliyeuzwa amelipa ada. Hakununua moyo wa mtoto. Talanta ni ya Mungu, naye kijana ndiye atakayeulizwa habari zake. Msimlazimishe kusomea udaktari ili tu jirani wawasifu.

Nanyi vijana, kumbukeni kwamba mkopo wa Serikali ni deni, na mkilipa mwasaidia wadogo zenu wasome. Aliyekubaliwa katika vyuo viwili au vitatu athibitishe kimoja upesi. Kuishikilia nafasi asiyoitaka ni kumzuilia mwenzake anayengoja mlangoni.

Hakikisheni kwamba masomo yenyewe yanatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Hesabuni ada, pango na chakula. Mwulizeni mtu anayeifanya kazi mnayoitamani. Kisha pigeni magoti, mwombe Roho Mtakatifu awape shauri jema. Na mkiisha kushika jembe, msiangalie nyuma.